Vitu vya dakika za mwisho uwanja wa ndege: kipi ununue ndani, kipi umalize mjini

#1 Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni kwa wanaosafiri kwa ndege, hasa wazee wetu wanaokwenda kuwaona watoto wao nje na vijana wanaotoka kwa mara ya kwanza. Nimekuwa nikisindikiza na kupokea watu JNIA (uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar) tangu enzi za jengo la pili. Jengo la tatu lilifunguliwa Agosti 2019, ni zuri na kubwa, lakini wasafiri wetu bado wanafika vilevile: nguo zimekamilika, zawadi zimejaa, ila waya wa simu umebaki kitandani, adapta hakuna, dawa ya kichwa hakuna. Mtu anakimbilia duka la ndani, analipa bei ambayo hakuitarajia, na mara nyingine ananunua kitu ambacho atanyang'anywa kwenye ukaguzi wa uwanja unaofuata.

Watu wengi wanaanza na bei. Mimi nasema anza na hili: kitu hicho unakinunua upande gani wa ukaguzi, na safari yako ina ukaguzi mwingine wapi? Ukishalijua hilo, hata ukilipa ghali, pesa yako imefanya kazi.

Vimiminika ndivyo vinavyoumiza watu zaidi. Mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, na toka hapo viwanja vingi duniani vinafuata kanuni ya mililita 100. Kila chombo kwenye begi la mkononi kisizidi kipimo hicho, na vyote viingie kwenye kifuko kimoja angavu cha lita moja. Viko viwanja vyenye mashine mpya vilivyolegeza, lakini wewe panga safari kwa kanuni kali, maana hujui mashine ya uwanja wa tatu ikoje. Na wanaangalia chombo, hawaangalii kilichobaki ndani. Chupa ya losheni ya mililita 400 iliyobaki robo inahesabiwa kuwa ya 400.

Halafu kimiminika kwao kinabeba vitu vingi: asali, samli, achari, mafuta ya nazi, dawa ya meno, mafuta ya mgando, siagi ya karanga.

Niliwahi kusimama kwenye foleni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa na asali ya Tabora. Aliitia kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaifunga mfuniko kwa nailoni, akaizungushia kanga. Anampelekea bintiye aliyejifungua. Ofisa akamwambia kwa upole, "Mama, hii ilitakiwa iende kwenye begi kubwa." Begi kubwa lilishapita kwenye mkanda zamani. Mama akaifungua ile kanga, fundo moja baada ya jingine, akaikunja, akairudisha mkobani, chupa ikabaki mezani. Kisha akauliza kama humo ndani wanauza asali.

Wanaosindikiza wazee, nawaomba sana: kabla begi kubwa halijakabidhiwa kaunta, kaeni pembeni mfungue mkoba wa mkononi pamoja naye. Chochote kinachomiminika au kupakika kihamie begi kubwa. Ni kazi ya dakika tano, na hakuna duka la ndani linaloweza kurudisha kilichochukuliwa mezani pale.

Tuje kwenye vya kununua.

Maji nunua baada ya ukaguzi, ukaingie nayo. Ukinunua kabla, utayanywa yote umesimama au utayaacha. Ndani ya ndege hewa ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, kwa hiyo koo na midomo vinakauka. Hapa hata chupa ya bei ya juu haina hasara. Ila ukiwa unaunganisha ndege na kuna ukaguzi tena huko mbele, yamalize kabla hujafika kwenye mashine, ubaki na chupa tupu. Chupa tupu inapita, na viwanja kama Doha na Dubai vina mabomba ya maji ya kunywa bure.

Waya wa kuchajia na spika za masikioni: ukivikosa, nunua, usijitese. Safari ya kuunganisha ndege inaweza kula siku nzima, na simu yako ndiyo yenye anwani ya mwenyeji, tiketi ya pili na barua ya chuo. Simu ikizima Addis saa nane usiku, uko peke yako.

Dawa ya kichwa, plasta, taulo za kike, mswaki, wembe wa kunyolea wa kawaida wa plastiki: nunua pia. Ni vitu vidogo na hasara yake ni ndogo.

Manukato na pombe za duty free (maduka yasiyo na ushuru) zina utaratibu wake. Ukinunua ukiwa unakwenda moja kwa moja, hakuna shida. Ukiwa unaunganisha, mwambie muuzaji mji wa mwisho wa safari, siyo mji wa kubadilishia ndege. Atakufungia kwenye mfuko maalumu unaobandikwa na kuonyesha ukifunguliwa, risiti ikionekana kwa ndani. Usiufungue njiani hata kwa kunusa. Ukifunguliwa, kwenye ukaguzi unaofuata huo si mzigo wa duty free tena, ni chupa iliyozidi mililita 100.

Zawadi je? Kahawa, chai, korosho, viungo: malizia mjini. Kahawa ileile ya Bukoba iliyoko dukani kwako mtaani iko na ndani pia, imeongezewa bei ya uwanja. Ninachokubali ni mtu aliyebakiwa na noti za shilingi ambazo hatazibadilisha huko anakokwenda. Huyo anunue kahawa, ana akili.

Na kuna vitu ambavyo hakuna duka litakalokuokoa. Kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, haipatikani siku ya safari: cheti kinaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano. Uzuri wake ni kwamba tangu Julai 2016 ukichanjwa mara moja kinadumu maisha yote, kwa hiyo tafuta ile kadi ya zamani kabla hujaenda kuchoma upya. Dawa zako za presha na kisukari nazo, nunua za safari nzima mjini, ziweke mkononi na karatasi ya daktari. Usizikabidhi kwenye begi kubwa.

Karibuni mchangie.

#2 Mchangiaji, Nairobi

Asante sana kwa uzi. Niongeze ya JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta. Pale ukaguzi wa kwanza uko kabla hujaona jengo: abiria mnashuka garini, mnapita kwa miguu kwenye mashine, dereva anapita na gari upande wake. Foleni ikiwa ndefu, muda uliokuwa umeutenga wa kununua vitu umekwisha hapohapo. Kisha kuna kaunta, uhamiaji, na ukaguzi mwingine. Kwa hiyo mtu asiseme "nitanunua huko ndani" akiwa amefika saa moja na nusu kabla ya ndege.

La pili ni mifuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ukirudi nyumbani na mfuko wa plastiki wa duka la uwanja wa nje, uache uwanjani unapotua. Beba mfuko wa kitambaa kwenye begi la mkononi, utahamishia vitu humo. Kile kifuko kidogo cha vimiminika wanakiruhusu kwa kuwa unaondoka nacho.

#3 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, umeruka pawabenki, zile betri za kubeba za kuchajia simu. Mdogo wangu aliambiwa aitoe kwenye begi kubwa, akafungua begi zima mbele za watu. Kwani kanuni ikoje? Na zile za duka la uwanjani ziko salama?

#4 Mtoa mada

Swali zuri, na ni zito kuliko watu wanavyolichukulia. Pawabenki haiingii begi kubwa, kabisa. Betri za lithiamu zikishika moto chini kwenye mizigo, hakuna mtu wa kuuona mapema. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini, kabla haijaruka. Watu wote walitoka, na wachunguzi wakasema huenda chanzo ni pawabenki. Tangu hapo mashirika mengi yamekaza.

Kipimo ni saa-wati, unaziona zimeandikwa Wh. Mpaka 100 Wh unapita bila kuomba. Kati ya 100 na 160 lazima shirika likuruhusu. Zaidi ya hapo haiendi. Pawabenki nyingi zimeandikwa mAh, kwa hiyo fanya hesabu: gawa kwa 1000, zidisha kwa 3.7. Ya 20,000 inatoa 74 Wh, iko salama. Ya 30,000 inatoa 111, utasimamishwa. Isiyoandikwa chochote, au maandishi yamefutika, iache nyumbani, maana ofisa hana jinsi ya kuipima na anayo haki ya kuichukua.

Soma pia masharti ya shirika lako. Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja tu isiyozidi 100 Wh, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ukiwa ndani ya ndege.

Kuhusu kununua uwanjani: faida yake ni kwamba unaweza kusoma maandishi yake kabla hujalipa. Soma. Na usiamini kwamba imekuja na chaji imejaa. Ichomeke getini ukiwa unasubiri.

#5 Mchangiaji, Maskati

Ahsanteni ndugu zangu. Mie nnakaa Oman, na kila msimu napokea wageni kutoka Unguja na Pemba. Nnawaomba jamaa wasinunue adapta kuja huku. Soketi za Oman ni zilezile za pini tatu za bapa kama za nyumbani, na Imarati (Falme za Kiarabu) vilevile. Mtu anafika na adapta kaiuziwa uwanjani kwa bei ya chakula cha siku tatu, na haina kazi. Uliza mwenyeji wako kwanza, ujumbe mmoja tu.

Na la dawa nalitilia mkazo. Ghuba si pa kuchezea. Dawa za maumivu makali kama tramadoli, na dawa za kikohozi zenye kodeini, zinadhibitiwa sana. Huko kwetu watu wanazipata kirahisi, huku zinaweza kukufikisha mahakamani. Imarati, kwa mfano, inataka kibali na cheti cha daktari. Mafua yakikushika siku ya safari, chukua parasetamoli ya kawaida ikiwa kwenye pakiti yake, basi. Usikubali kubebeshwa kifuko cha vidonge vya mtu, hata akiwa shangazi yako. Miraa ndiyo hata usiitaje.

#6 Mchangiaji, Tanga

Shukrani. Mimi naulizia kwa ajili ya baba, anakwenda umra mwezi ujao kwa kuunganisha ndege. Kuna mzee mwenzake ihramu yake (zile shuka mbili nyeupe za ibada) ilikwenda kwenye begi kubwa, akajua akiwa ameshaingia ndani. Dukani mle angepata nini?

#7 Mchangiaji, Maskati

Hilo hutokea sana, dada (au kaka, uniwie radhi). Ndege inapita kwenye mikati (mpaka ambao mtu hauvuki bila kuwa na ihramu) kabla ya kufika Jeddah, kwa hiyo ihramu lazima iwe mkononi, si chini. Akiikosa, atafute taulo mbili kubwa nyeupe zisizoshonwa kuwa nguo. Zinasitiri na zinatosha kwa mwanamume. Duka la nguo au la zawadi uwanjani huenda likawa nazo, na kwenye uwanja mkubwa wa kuunganishia njia ya Jeddah ni rahisi zaidi kuzipata. Avae uwanjani kabla ya kupanda, choo cha ndege ni kidogo na foleni huwa ndefu karibu na mikati.

Na angalizo: akishatia nia, asiguse sabuni wala mafuta yenye harufu. Vifaa vingi vya usafi vya maduka ya uwanjani vina manukato, hata zile tishu za kufutia mikono. Mnunulieni mapema sabuni isiyo na harufu na mafuta ya mgando ya kawaida kwenye kikopo kidogo.

#8 Mchangiaji, Minneapolis

Wakuu, huku Marekani soketi ni za pini mbili za bapa na umeme ni volti 120, karibu nusu ya wa nyumbani. Chaja za simu na kompyuta hazina shida, angalia pameandikwa 100–240V. Pasi na birika ya umeme ya nyumbani msibebe, adapta haibadilishi volti, inabadilisha umbo la pini tu. Naona watu wananunua adapta uwanjani wakidhani imemaliza kila kitu.

Na wanaopenda kuniletea viungo, asanteni kwa upendo, ila unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kuzuiwa kwenye ndege za kuja Marekani, tangu Juni 2018. Pilau masala, unga wa muhogo, iriki iliyosagwa: begi kubwa. Nyama iliyokaushwa msijaribu, na mkiulizwa kwenye fomu ya forodha kuhusu chakula semeni ndiyo. Kusema ndiyo kunakuchelewesha kidogo; kuficha kunakupiga faini.

#9 Mchangiaji, Arusha

Mimi naona mnayatetea haya maduka. Chupa ya maji ya nusu lita mtaani ni shilingi mia tano au mia sita, mle ndani unaambiwa bei mara kadhaa zaidi. Na wanaita ni maduka yasiyo na ushuru! Huo ni unyonyaji, tuseme ukweli.

#10 Mtoa mada

Mkuu, uchungu wako naujua na siupuuzi. Bei ya maji kwa mtu ambaye ametoka kunyang'anywa yake mlangoni inauma, na kwa maoni yangu mamlaka za viwanja zingeweka bomba la maji safi baada ya ukaguzi kila mahali. Hilo ningelipigania kabla ya lingine lolote, kwa sababu anayeumia ni yule aliyekuja na pesa ya kuhesabu.

Ila tuelewe linavyokwenda. Msamaha wa ushuru kwa maduka ya viwanja vya ndege ulianzia Shannon, Ireland, mwaka 1947, na mpaka leo faida yake iko kwenye bidhaa zinazotozwa kodi kubwa: pombe, sigara, manukato. Maji na biskuti havikuwa na kodi kubwa ya kuondolewa tangu mwanzo. Halafu mwenye duka analipa kodi kubwa ya pango, mara nyingi pamoja na asilimia ya mauzo kwa mwenye uwanja, na kila katoni inayoingia inapitishwa kwenye ukaguzi. Gharama hizo zote zinamwangukia mnunuzi mwenye kiu na asiye na pa kwenda.

Jambo moja la kukusaidia: uliza bei na fedha inayotumika kabla kitu hakijapita kwenye mashine ya kaunta. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinazuia bidhaa na huduma za ndani ya nchi kuuzwa kwa fedha za kigeni, lakini maduka ya duty free yamo kwenye orodha ya waliosamehewa. Kwa hiyo humo dola ni halali, na ukilipa kwa shilingi, kiwango cha kubadilishia ni chao. Piga hesabu ukiwa bado na kitu mkononi.

#11 Mchangiaji, Dar es Salaam

Jamani nisaidieni haraka, niko kwenye gari Barabara ya Nyerere, foleni. Ndege yangu saa nne na nusu usiku, nabadilishia Istanbul naelekea Berlin, chuo. Sina adapta na nina parachichi mbili na chupa ya mafuta ya nazi ya mililita 250 kwenye begi la mgongoni. Nishuke ninunue njiani au nisonge?

#12 Mtoa mada

Songa, mdogo wangu, usishuke. Uturuki na Ujerumani zinatumia soketi ya aina moja, pini mbili za duara, kwa hiyo adapta moja inakutosha kote. Iulizie ukishapita ukaguzi, na mwambie muuzaji "ya kutoka pini tatu za bapa kwenda mbili za duara". Asikuuzie ile kubwa ya dunia nzima kama ndogo ipo.

Mafuta ya nazi yahamishie begi kubwa sasa hivi ukiwa hapo garini, yafunge ndani ya mifuko miwili na uyaweke katikati ya nguo. Parachichi kula moja, nyingine mpe dereva. Ulaya matunda mengi mabichi hayaingii bila cheti cha afya ya mimea, na wewe unahitaji kupita forodha bila maswali.

Adapta ukiikosa JNIA, usihangaike: viti vingi vya ndege za safari ndefu vina tundu la USB, chomeka simu pale mara tu utakapokaa, na Istanbul utapata adapta. Kaunta hufungwa saa moja kabla ya ndege za nje kuruka, kwa hiyo uwe umeshakabidhi begi kabla ya saa tatu na nusu. Tuandikie ukishafika getini.

#13 Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimefika geti, asanteni. Adapta ndogo ipo, nimelipa kwa shilingi. Mafuta yako begi kubwa, na dereva amechukua parachichi zote mbili.